Tulinunua thirty by sixty huku Ruai, tukakosa mahali pa kulaza mama mkwe

Niaje wakuu.

Mimi humu ni wa kusoma tu, kuandika huwa naachia wenye maneno. Lakini juzi kuna jamaa ameuliza kama anunue ploti ndogo huku mbele ya Ruai saa hii ama angoje, na nyinyi mkamjibu kwa vikatuni. Nikaona nimpe yangu vile ilitokea, bila kutia chumvi. Mahali nitaonekana mjinga, mjue hapo nilikuwa mjinga kweli.

Jina la estate sitataja, mods wasinifungie bure. Tuite Gardens. Garden yenyewe sijaiona hadi leo.

Kwanza mjue nilikotoka.

Mimi ni storekeeper kwa godown moja Industrial Area. Miaka kumi na moja tumeishi Pipeline, gorofa ya sita: mimi, mke wangu Mwikali na binti yetu Mutheu. Mnaoijua Pipeline mnajua. Unafungua dirisha unaona sufuria ya mtu wa jengo lingine, na saa saba mchana unawasha taa ndio upate soksi zako. Sikuwa na ugomvi nayo. Karibu na kazi, maji siku ukibahatika, maisha yanasonga.

Shida ilikuwa mama mkwe.

Anaishi Kitui, peke yake, na Mwikali ndiye mtoto wake wa pekee. Ana ugonjwa wa sukari. Mguu wa kushoto ukapata kidonda kisichotaka kupona, cha kuoshwa na kufungwa kila siku, na kliniki hapa Nairobi kila wiki mbili. Daktari hakutuzungusha. Alisema huyu mama asikae peke yake, na kidonda kikizidi kuachwa hivyo, mguu utakatwa.

Sasa mtasema, si aje akae kwenu? Hapo ndipo kuna maneno.

Sisi ni Wakamba, na mama mkwe wangu ni Mkamba wa sawasawa. Kuna kitu kwetu tunaita nthoni. Ni ile heshima ya mama mkwe na mkwe wake, ya kuoneana haya. Hatupeani mkono. Hatuangaliani usoni. Tukiwa na jambo la kuambiana, linapitia kwa Mwikali hata kama wote watatu tumesimama hapo hapo. Na kubwa kuliko yote, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Kunywa chai atakunywa, kwa kiti cha karibu na mlango. Kulala, zii.

Najua kuna mtu hapo anasema hayo ni mambo ya kitambo. Kwani unadhani mimi sikusema? Mwikali alimwomba akilia. Pastor wao akatumwa. Jibu likawa lile lile: "Nimemheshimu Baba Mutheu tangu amwoe binti yangu. Siwezi kumvunjia heshima uzeeni kwa sababu ya mguu."

Basi akija kliniki alikuwa analala kwa rafiki yake wa kanisa pale Mukuru kwa Njenga. Chumba cha mabati, matope hadi mlangoni, na mtu ana kidonda. Mwikali anashuka gorofa sita asubuhi kwenda kumfunga bandeji, anapanda, jioni anashuka tena. Halafu yule rafiki akarudi ushago mazima, kijijini kwao, na mama akawa anakuja kliniki na kurudi Kitui siku hiyo hiyo.

Mpango ukawa huu. Tununue ploti, tujenge, na kule nyuma tuweke kachumba kamoja kenye mlango wake na paa lake. Paa lake, hapo ndipo pa maana. Mama awe kwa binti yake bila kuwa kwa mkwe wake.

Mwikali alichora plani nyuma ya kalenda ya duka la hardware. Ploti ya futi fifty by hundred. Nyumba ya vyumba vitatu, sukuma wiki upande mmoja, banda la kuku, mti wa parachichi, na kwa kona ya nyuma kaboksi kameandikwa MAMA. Tukaibandika kwa friji.

Tukaanza kuweka akiba kwa sacco.

Wakuu, sijui kama mmewahi kufukuza bei. Unaambiwa bei ya ploti Januari, unajinyima, unajipanga. Juni unapiga simu, dada anakujibu kwa sauti ya kubembeleza, "Hiyo ilikuwa offer, boss. Sasa tuko phase two." Phase two lami imefika. Unajipanga tena. Phase three stima imefika. Phase four hakuna kitu kimefika, wameamua tu. Kila tukifika mahali bei ilikuwa, tunakuta imeshahama.

Na bei ikipanda, ploti inakonda. Ile pesa ya fifty by hundred ikawa ya forty by eighty. Mwikali akachukua kifutio, akafuta parachichi. Ikawa forty by sixty, kuku wakaenda. Ikawa thirty by sixty, sukuma wiki ikaenda, na vyumba vitatu vikasongamana kwa karatasi hadi huwezi kuandika jina la chumba ndani ya chumba.

Kaboksi ka MAMA hakuwahi kukagusa.

Siku ya site visit ilikuwa Jumamosi. Kampuni ilitubeba kwa basi lao, tukapewa tishati na soda, kuna hema na muziki utadhani ni harusi. Dada wa mauzo akatupeleka kwa ploti yetu.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipo, sikilizeni vizuri.

Mtu wa Pipeline akionyeshwa nyasi, akili inatoka. Hakukuwa na nyumba hata moja pale. Nyasi zimefika magotini, upepo, anga lote. Dada akasema ploti yenu inatoka hapa, akaonyesha kwa mkono, hadi kule. Beacon za kona, yale mawe ya mpaka, zilikuwa chini ya nyasi. Kuna mtu alikuwa na tepu? Hapana. Nikapima kwa hatua zangu, kifua mbele, na hatua za mwenye furaha ni ndefu, mimi nawaambia. Nafasi ya jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma, zote nilizihesabu kama zangu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuniambia koma hapo.

Kulikuwa na nguzo moja ya stima. Mwikali akahesabu hatua tatu kutoka kwa nguzo, akaokota kajiti, akakachomeka ardhini. "Hapa ndio kwa mama," akasema. Akasimama hapo kidogo na viatu mkononi.

Wueh. Mimi nilikuwa tayari kutia sahihi hata kwa kiganja.

Tukatia. Tukapewa kitabu cha sheria za estate, kurasa kama thelathini, controlled development na nini na nini. Nilisoma ukurasa wa swimming pool. Pool nayo iko mahali garden iko.

Kujenga ni fundi wao na ramani yao, nyumba zote sare. Na hili jambo hakuna mtu aliniambia, ndio nawaambia: ploti ikiwa nyembamba, nyumba haina pa kwenda isipokuwa juu. Nyumba yetu ikawa ya gorofa moja, sebule na jikoni chini, vyumba vya kulala juu. Siku tulienda kuona ikiwa imesimama, Mwikali alizunguka mara moja, akamaliza. Mbele panatosha gari moja ambalo hatuna. Nyuma kuna tangi la maji na kamba ya nguo, na hizo nguo afadhali ziwe za mtoto. Pembeni kuna ujia wa futi tatu wa maji ya mvua, halafu nyumba ya jirani.

"Kwa mama ni wapi?" akaniuliza.

Nilianza kuangalia tangi kama mtu anayejua kitu kuhusu matangi.

Nikaenda kwa ofisi ya management. Nikawaambia nataka kujenga kachumba ten by ten tu, hata kaegemee ukuta. Meneja, kijana mpole kabisa, akafungua kile kitabu ukurasa ambao sikusoma. Hakuna jengo la pili kwa ploti. Hakuna mabati. "Boss, ukijenga wewe, kesho kila mtu anajenga," akasema. Nilipandwa na hasira nikamwambia maneno ambayo sasa nayaonea aibu, kwa sababu alikuwa sawa. Kila mtu angejenga.

Bedsitter za kukodisha zilikuwa mbali huko stage ya matatu, na tena gorofani. Na daktari alisema asikae peke yake. Kumkodishia chumba akae peke yake si ni Kitui nyingine tu?

Tukahamia hivyo hivyo. Na katika kuhamia nikakosana na jirani.

Huyu jirani ni Mama Hafsa. Msomali, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, anauza nguo kwa jumla Eastleigh. Bwana yake kazi iko nje ya nchi, anaishi na mabinti zake wawili. Nyumba yake ni ya kona, kwa hivyo geti lake linaangalia barabara ile nyingine, lakini dirisha lake la dining limetazamana na la jikoni kwetu. Futi tatu. Unaweza kumpitishia chumvi bila kunyoosha mkono wote.

Asubuhi anafukiza udi, moshi wote unakuja kwa chai yangu. Nikaandika kwa group ya estate, kistaarabu nilidhani. Akajibu kwa voice note ya dakika tatu kuhusu omena tunazokaanga na nguo zake za biashara zinazonuka ziwa. Watu wakacheka kwa group. Mimi nikachukua nailoni nyeusi nikaziba dirisha langu lote. Miezi minne jikoni kwetu kukawa giza saa saba mchana. Ndio, wakuu. Nilihama Pipeline, halafu nikaijenga tena kwa mikono yangu.

Sasa ikafika siku moja ya kliniki. Mama mkwe akaja na basi la asubuhi kutoka Kitui, Mwikali akampeleka, wakarudi nyumbani saa nane. Nilikuwa off. Nikamsalimia nikiangalia ukuta, kama inavyotakiwa, nikatoka nje nikasimama kwa geti.

Mguu ulikuwa umefura. Daktari alikuwa amerudia yale yale, safari hii kwa ukali. Na mama, baada ya chai, akaanza kufunga mkoba wake. Basi la saa kumi litamfikisha, akasema. Jirani wa kule atamsaidia kufunga bandeji. Sisi wote tulijua huyo jirani haoni vizuri.

Mwikali aliingia jikoni, akafungua mfereji wote, akalia.

Nailoni inazuia moshi, wakuu. Kilio haizuii.

Nikiwa bado kwa geti nikasikia dirisha linagongwa. Ko, ko, ko. Na sauti ya Mama Hafsa: "Mama Mutheu! Kwani nani amekufa huko?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi funga maji, hiyo ni bili. Unalia nini?"

Nikaingia. Mwikali alikuwa amesimama mbele ya ile nailoni yangu kama anaongea na ukuta. Aibu iliyonishika sijui niiweke wapi. Nikaibandua kona moja, ikatoka yote na rangi ya ukuta. Mama Hafsa alikuwa hapo, mikono kiunoni. Akaniangalia, akaniruka na macho, akamwangalia mke wangu.

Mwikali akamweleza yote. Mguu, daktari, paa, mkwe. Nilikuwa naomba asifike kwa mkwe, nikijua tutachekwa kwa group hadi Krismasi.

Hakucheka. "Hata kwetu mkwe huwa na haya," akasema. "Mimi nilikata dining na ubao nikafanya stoo. Imejaa mabelo ya nguo. Lakini belo haliumwi mguu. Mwambie mama yako aje alale hapa."

Mwikali alienda sebuleni akamweleza. Mimi nikarudi nje, lakini sitawadanganya, sikio nililiacha ndani.

Nikasikia mama mkwe akiweka mkoba chini. Halafu akaanza kuuliza.

"Hiyo nyumba ni nyingine?"

"Ni nyingine, mama."

"Si ya Baba Mutheu?"

"Si yake."

"Geti ni lingine?"

"Ni lingine. Linaangalia hata barabara ingine."

"Na huyo mama ana mkwe anayeingia humo?"

"Mabinti zake bado wako shule."

Halafu nikasikia kile kiti cha karibu na mlango kikisukumwa. "Basi mwambie Baba Mutheu," akasema, kwa sauti ya kunifikia, "ahamishe hayo mabelo vizuri. Ni mali ya mtu."

Niliyahamisha. Mabelo kumi na manne, moja moja, ngazi kwa ngazi hadi chumba cha juu, Mama Hafsa ananielekeza na kidole. Kwa belo la tatu nikamwomba msamaha wa mambo ya group. Akaniambia nimalize kwanza, tutaongea la kumi na nne. Tukaongea. Alitaka tu nimwambie omena tunanunua wapi, kwa sababu binti yake mdogo amekuwa akiuliza inaonja vipi.

Tukaweka kitanda, Mwikali akatandika. Mama akaketi, akanyoosha mguu.

Mwikali alikuwa kwa dirisha. Si lile la kutazamana na jikoni letu, ni lingine dogo la upande wa nje. Nikiwa mlangoni nikamwona ananiita kwa mkono bila kugeuka.

Nje ya ukuta wa Mama Hafsa kuna nguzo ya stima. Ile ile ya siku ya site visit.

Akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Ya tatu ilimfikisha ndani ya chumba, chini ya kitanda.

"Baba Mutheu," akaniambia polepole, "kajiti kalikuwa hapa."

Nilitoka kwa haraka, maana mama mkwe hafai kuniona nikilia, na mimi sifai kuwa nimemwangalia nikajua kama ameniona.

Hiyo sasa ni mwaka na kitu. Mama hakurudi Kitui isipokuwa kuangalia shamba. Mwikali alikuwa anamfunga bandeji asubuhi na jioni, anatembea dakika mbili kuzunguka kona. Nasema alikuwa, kwa sababu kidonda kimefunga. Kuna ngozi mpya, nyembamba, ya waridi. Daktari alimpiga picha kuonyesha wanafunzi wake.

Kodi Mama Hafsa hataki kusikia. Mama humfumia viondo, yeye hupeleka dukani Eastleigh, na hayo yao wanajuana wenyewe.

Kila asubuhi kabla mama hajafungua pazia, anagonga kioo mara mbili. Mimi nachukua kikombe changu natoka jikoni. Ndio wanafungua, mtu na binti yake, futi tatu, wanaanza kupiga stori. Udi unaingia, omena zinatoka. Mimi nakunywa chai kwa ngazi nikiwasikia wakicheka, na niwaambie ukweli, nimefurahi.

Sasa wewe uliyeuliza juu ya ploti. Nenda na tepu. Nenda na surveyor, afyeke nyasi akuonyeshe beacon zote nne kwa macho yako. Ploti tupu inadanganya, hasa ukitoka mahali tulitoka. Kitabu cha sheria, soma kurasa za usifanye kwanza, pool utasoma ukishaiona. Na kabla ya kusema nyumba itatosha, taja kwa majina watu watakaolala ndani, na wale hawawezi kulala ndani. Mimi sikufanya hata moja kati ya hizo. Nilichokuja kupata, hakikuwa kwa brochure na wala sikukilipia, kwa hivyo usinunue ukitegemea bahati yangu.

Mlionunua hizi ploti za kukonda, hebu semeni. Mlipima na nini? Na mama mkwe akija, mnamlaza wapi?

Nyongeza: nikiwa naandika hii, dalali amenipigia. Anasema Gardens imepanda bei sana, ana mteja wa nyumba yangu, na pesa hiyo inaweza kunipatia fifty by hundred safi huko mbele zaidi. Fifty by hundred, wakuu, na parachichi.

Nikamuuliza, na jirani yuko umbali gani?

Akacheka kwa fahari kabisa. "Boss, huko ni nafasi tu. Jirani humwoni, humsikii."

Nikakata simu.